Sony a7 III, Nikon Z6, Canon EOS R au Fujifilm X-T3: shata ya ipi unaweza kuikagua kabla hujalipa?

Jumamosi moja jioni rafiki yangu alinipigia simu kutoka ukumbini, Sinza. Bibi harusi alikuwa mlangoni, muziki umeshawashwa, na kamera aliyoinunua wiki tatu kabla ilikuwa imegoma. Skrini ilimwambia azime na kuwasha tena. Alizima, akawasha, akachomoa betri, akairudisha. Ikawa vilevile.

Nilimuuliza swali moja: umebadilisha nini kabla haijagoma? Akasema picha zilikuwa zinatoka na mistari kwa sababu ya taa za LED za ukumbi, kwa hiyo aliondoa hali ya kimya. Nikamwambia airudishe. Akairudisha, kamera ikapiga, na alimaliza kazi yote ya watu kwa picha zenye mistari. Jumatatu fundi alipoifungua alikuta jani moja la pazia la shata, yaani mlango mwembamba unaofungua na kufunga mwanga wa picha, limechomoka kwenye mkono wake na kulala pembeni.

Ndipo tulipokumbuka siku ya kununua. Muuzaji alitupa kamera ikiwa imewashwa tayari, tukapiga picha kama ishirini pale dukani, zote safi. Hatukusikia mlio wowote na tukaona ni sifa ya kamera za kisasa. Ile kamera ilikuwa imewekwa kimya ili isiseme ukweli wake.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa kamera iliyotumika, siulizi kwanza ina megapikseli ngapi. Nauliza: shata yake unaweza kuijua hali yake kabla hujatoa pesa? Hapo ndipo kamera zinapotofautiana sana, hata zile ambazo kwenye karatasi zinafanana.

Nimechagua nne ambazo zote zilitangazwa mwaka 2018: Sony a7 III, Nikon Z6, Canon EOS R na Fujifilm X-T3. Zimeshakaa sokoni vya kutosha kiasi kwamba nyingi zimepita mikono miwili au mitatu. Ukizunguka Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, au ukimwagiza mtu Dubai, majina haya utayasikia. Tatu za kwanza zina kihisi (sehemu inayonasa picha) kikubwa cha fremu kamili, na ya Fujifilm ina kihisi kidogo zaidi cha APS-C.

| Kamera | Shata imepimwa kwa | Kikomo cha flashi | Kasi ya mfululizo | Idadi ya picha ilizopiga inasomwaje |
|---|---|---|---|---|
| Sony a7 III | picha 200,000 | 1/250 | 10 kwa sekunde | ndani ya faili la picha |
| Nikon Z6 | picha 200,000 | 1/200 | 12 kwa sekunde | ndani ya faili la picha |
| Canon EOS R | picha 200,000 | 1/200 | 8 kwa sekunde | kwa kebo na programu ya kompyuta |
| Fujifilm X-T3 | picha 150,000 | 1/250 | 11 kwa sekunde | ndani ya faili, lakini si ya kuaminika sana |

Hizo 200,000 au 150,000 si tarehe ya kufa. Ni kiwango ambacho mtengenezaji ameipimia shata kwenye mtambo. Ipo inayokufa kwenye elfu thelathini na ipo inayovuka laki tatu. Na haichoki polepole kama tairi la gari linaloonyesha limekwisha. Mara nyingi inafanya kazi vizuri mpaka sekunde ile inapoacha. Kwa hiyo idadi ya picha ilizopiga inakusaidia kupanga bei na kupima hatari, na vipimo vya mkono vinakuambia kama leo iko salama. Unahitaji vyote viwili.

Shata ya kamera isiyo na kioo inachokaje

Kwenye kamera za zamani zenye kioo, shata ilikaa imefungwa ikisubiri. Kwenye hizi inakaa wazi, maana kihisi lazima kione ndipo skrini ikuonyeshe kitu. Ukibonyeza, shata inafunga kwanza, inafungua kwa muda wa picha, inafunga, kisha inafungua tena ili uone. Ni safari nyingi kwa picha moja, na mapazia yenyewe ni majani membamba mno yanayokimbia kwa kasi ya kutisha.

Watengenezaji walipunguza hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni pazia la kwanza la kielektroniki: kihisi chenyewe kinaanzisha picha, pazia la chuma linamalizia. Mlio wake ni mfupi na mkavu, "chak" moja. Shata kamili ya chuma ina mlio mrefu zaidi, kama "ka-chak". Ukizoesha sikio lako utajua ipi inatumika bila kufungua menyu. Ya pili ni shata ya kielektroniki mwanzo hadi mwisho, ile ya kimya. Hiyo haisogezi chuma chochote, na ndiyo iliyomdanganya rafiki yangu.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui na wachache wanalijua vizuri sana. Kihesabu cha kamera nyingi kinahesabu picha zilizotoka, si safari za chuma. Mtu aliyepiga picha elfu themanini, nusu yake kwa kimya, ana shata iliyotembea elfu arobaini. Upande wa pili, mpiga video anaweza kukuuzia kamera yenye picha elfu nne ambayo imerekodi harusi kila wikiendi kwa miaka mitatu. Shata mpya, kihisi kimechemka mamia ya saa. Namba ndogo ikikukuta kwenye mwili uliochoka, uliza kuhusu video kabla hujafurahi.

Nikon Z6: anayesema zaidi

Kwa uwazi, naiweka ya kwanza. Piga picha moja, hamishia kwenye kompyuta, ifungue kwa ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey inayosoma taarifa zote zilizofichwa ndani ya picha. Andika:

exiftool -ShutterCount -MechanicalShutterCount picha.NEF

Mstari wa kwanza ni idadi ya picha. Wa pili, ukitokea, ni wa shata ya chuma peke yake. Ukipata yote miwili umepata kitu ambacho muuzaji mwenyewe pengine hajawahi kukiona: unajua kamera ilipiga kiasi gani na chuma kilitembea kiasi gani. Tofauti ikiwa kubwa, mwenyewe alipenda kimya, labda ni mpiga picha wa makanisani au mikutano.

Kero yake ni kadi. Z6 haitumii SD. Ina nafasi moja tu, ya kadi ya XQD, na baada ya kusasishwa programu yake ya ndani hupokea pia CFexpress aina ya B. Ukienda na kadi yako ya SD mfukoni utafika dukani huna cha kuchomeka, utatumia kadi ya muuzaji na kuomba kisomeo chake. Beba kebo ya USB-C uhamishe moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Nimeona mtu akiacha kukagua kabisa kwa sababu ya kadi, akalipa kwa imani. Usifanye hivyo.

Jingine la Z6: ukijaribu kasi ya 1/8000 na kamera inakataa kupita 1/2000, haijaharibika. Imewekwa kwenye pazia la kwanza la kielektroniki. Nenda kwenye menyu ya aina ya shata, weka ya chuma, ujaribu tena.

Sony a7 III: rahisi kusoma, lakini ijaribu kwa nguvu

Hii ndiyo inayouzwa zaidi mikononi mwa watu wa harusi huku kwetu, na sababu zake ni za kweli: nafasi mbili za kadi ya SD, betri inayodumu, lenzi tele za kila bei. Namba yake inasomeka kwenye faili la JPEG au ARW (faili ghafi la Sony), kwa ExifTool au kwenye tovuti yoyote inayokuruhusu kupakia picha na kukupa hesabu. Faili lazima liwe lile lililotoka kwenye kamera. Likipita kwenye programu ya kuhariri, mara nyingi mstari huo hupotea.

Maelezo ya ExifTool yenyewe yana onyo ambalo kila mnunuzi wa Sony anapaswa kulijua: kwa baadhi ya modeli za Sony, kihesabu kikifika 65,536 kinarudi sifuri na kuanza upya. Maana yake ni kwamba kwenye modeli hizo kamera inayosoma 9,000 inaweza kuwa 9,000 kweli, au 74,536, au 140,072. Programu haitakuambia ni ipi. Mwili ndio utakaokuambia. Kamera ya elfu tisa bado ina rangi pale juu panapochomekwa flashi, mpira wa kushikia umebana vizuri kwenye pembe, na tundu la chaja halichezi. Ya laki na arobaini ina pete za mkanda zilizolika na kitufe cha kupigia kimekuwa laini na kinang'aa.

Halafu kuna suala la shata yenyewe. Mwaka 2021 ilifunguliwa kesi ya pamoja nchini Marekani ikidai shata za a7 III zinaharibika mapema mno, kabla ya zile 200,000 zilizotangazwa. Madai si hukumu, na ninawajua watu ambao a7 III zao zimepiga miaka bila tatizo. Lakini kwangu hilo linabadilisha namna ya kununua. Kwa kamera nyingine, namba ndogo inanipunguzia wasiwasi. Kwa hii, namba ndogo hainitoshi, na vipimo nitakavyoeleza chini navifanya vyote, kwa muda mrefu, hata kama kamera ina picha elfu kumi tu.

Canon EOS R: haisemi namba, ila inakuonyesha uso

Ukimpa ExifTool picha ya EOS R, idadi ya shata huipati. Haipo. Unahitaji kuunganisha kamera kwa kebo kwenye kompyuta yenye programu maalumu, na nyingi ni za kulipia. Mafundi wengi wa kamera wanayo, kwa hiyo njia ya busara ni kukutana na muuzaji kwa fundi wako badala ya mgahawani. Muuzaji akikataa kufika kwa fundi, nawe umeshapata jibu.

Usichanganye EOS R na ndugu zake waliokuja baadaye. Kwenye R6 ExifTool hupata namba, ila namba hiyo imechanganya picha za chuma na za kielektroniki pamoja.

Lakini EOS R ina zawadi ambayo hizo nyingine tatu hazina. Ukiizima, inafunga shata kulinda kihisi dhidi ya vumbi. Kwa hiyo izime, toa lenzi, uinamishe kamera kuelekea dirishani. Unaona mapazia yenyewe, uso kwa uso. Yanapaswa kuwa meusi ya kufifia, yamelala bapa, mistari ya majani imenyooka sambamba. Tafuta alama ya kidole, maana mtu hugusa akidhani anafuta kihisi na mafuta ya ngozi hubaki pale. Tafuta jani lililopinda kidogo kwenye pembe, doa la mafuta linalong'aa, mkwaruzo mrefu wa mlalo. Nilishika moja ambayo jani la chini lilikuwa limeinuka upande wa kushoto kama ukucha uliovunjika. Ilikuwa bado inapiga. Sikuinunua, na sikubishana na mwenye mali.

Kwa kidole chako wewe usiguse. Wala usipulize kwa mdomo, wala kwa kopo la hewa lenye nguvu. Majani yale hayavumilii.

Kwa hizo nyingine tatu, mapazia yamejikunja na huyaoni kamera ikiwa imezimwa. Hapo tumia simu yako. Toa lenzi, ruhusu kamera ipige bila lenzi kwenye menyu, weka shata ya chuma, rekodi video ya mwendo pole, hata fremu 240 kwa sekunde, huku kamera ikipiga mfululizo kwa sekunde mbili. Irudie polepole uangalie. Pazia zuri linashuka likiwa limenyooka kila mara. Linapita haraka sana hata kwa video hiyo, lakini linalobaki nusu sekunde katikati utaliona, na lililoinama upande mmoja unaweza kulinasa. Fanya hivi ndani, mahali pasipo upepo wala vumbi, na urudishe lenzi haraka.

Fujifilm X-T3: nunua kwa vipimo, si kwa namba

Naipenda X-T3. Ni nyepesi, rangi zake ni nzuri, na lenzi zake ni za bei ya kuvumilika. Lakini kwenye suala hili ndiyo dhaifu kuliko zote. Faili lake lina mstari wa ImageCount, na ExifTool inausoma. Shida ni kwamba namba hiyo inaweza kurudi sifuri programu ya ndani ya kamera inaposasishwa, na hata isiporudi, nafasi iliyotengewa haivuki 32,767. X-T3 ilipata masasisho kadhaa makubwa, na mtu anayeipenda kamera yake aliyaweka yote. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu kabisa anaweza kukuonyesha picha 2,100 kwenye kamera iliyopiga elfu sabini, naye hajui kwamba anakupotosha.

Ongeza hapo kwamba shata yake ilipimiwa 150,000, na Fujifilm wenyewe walipotoa X-T4 walijivunia kwamba shata mpya ina 300,000, mara mbili ya X-T3. Kama bajeti yako inafika X-T4 na unapiga harusi, ongeza pesa. Kama ni ya safari na familia, X-T3 iliyopita vipimo bado ni kamera nzuri sana, mradi bei isiwekwe kwa kutegemea ile ImageCount.

Namba ambazo si namba

Jina la faili halihesabu shata. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Boss, angalia, picha ya mwisho ni DSC02314, kamera mpya hii." Majina yanafika 9,999 kisha yanaanza upya, na mtu anaweza kuyarudisha mwanzo kwenye menyu kwa sekunde kumi. Angalau angalia jina la folda. Kamera mpya inaanza na folda ya 100 na kupanda kila majina ya faili yanapojaa. Ukikuta 107 na muuzaji anasema elfu mbili, mpe nafasi ajieleze.

Jambo jingine linalowaponza watu wanaonunua kwa mbali, kutoka Mwanza au Mombasa, au ndugu aliyeko Muscat anakutumia. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa na taarifa zake zimefutwa. Mwambie muuzaji apige picha leo, na aitume kama dokumenti, si kama picha. Hapo faili linakuja zima. Mwombe picha hiyo iwe ya kitu mtakachokubaliana, kwa mfano karatasi yenye tarehe na namba ya mwili wa kamera iliyoandikwa kwa kalamu. Bila hivyo anaweza kukutumia faili la kamera nyingine. Namba ya mwili kwenye EXIF (zile taarifa zilizofichwa ndani ya picha) ilingane na iliyochorwa chini ya kamera.

Vipimo vya mkono, kwa zote nne

Kwanza kabisa ondoa hali ya kimya. Kwenye X-T3 hakikisha imeandikwa MS, yaani shata ya chuma. Ukipiga na husikii kitu, usiendelee na kipimo chochote.

Kisha toka nje. Hili nalisisitiza kwa sababu taa za LED za dukani huweka mistari kwenye picha za kasi kubwa, na hapo unaweza kuisingizia shata nzuri. Na muuzaji mjanja anaweza kutumia sababu hiyohiyo kutetea shata mbovu, "ni taa tu hizo kaka". Mwanga wa jua haupepesi. Elekeza kamera kwenye anga lisilo na mawingu au ukuta mweupe unaopigwa mwanga sawasawa, vuruga fokasi, fungua tundu la lenzi, weka 1/8000 na upandishe ISO mpaka picha iwe ya kijivu cha kati. Kamera zote nne zinafika 1/8000 kwa shata ya chuma. Piga kumi, kisha kumi kwa 1/4000, kisha kumi kwa 1/1000.

Sasa zitazame moja baada ya nyingine bila haraka, ukibonyeza mbele na nyuma. Kwenye shata nzima anga lina rangi moja na picha zote kumi zina mwanga sawa. Inayochoka, picha ya tatu itakuwa na giza kidogo kuliko ya pili, au sehemu ya juu itakuwa na mwanga kuliko ya chini, kwa sababu pazia moja linakimbia kuliko jenzake. Kwenye 1/8000 upenyo kati ya mapazia ni mdogo sana, kwa hiyo kuchelewa kidogo tu kunaonekana. Kama 1/1000 iko sawa lakini 1/8000 ina kivuli, ugonjwa umeanza. Pembe zikiwa na giza kwenye picha zote kwa usawa, hiyo ni lenzi tu, achana nayo.

Kama una flashi, ni kipimo kizuri zaidi ya unavyodhani. Weka 1/250 kwa Sony na Fujifilm, 1/200 kwa Nikon na Canon, upige ukuta ndani ya chumba chenye giza kiasi. Kasi hiyo ndiyo ya mwisho ambayo shata huwa wazi yote kwa wakati mmoja. Ukiona ukanda mweusi kwenye ukingo mrefu wa picha, pazia limechelewa kutoka njiani. Kabla hujahukumu, hakikisha flashi haijawekwa kwenye hali ya kasi kubwa, na kama unatumia rimoti ya bei nafuu jaribu kuichomeka flashi moja kwa moja juu ya kamera, maana rimoti nazo huchelewesha.

Mwisho, mfululizo. Bonyeza usiachie mpaka kumbukumbu ya ndani ya kamera ijae, pumzika, rudia mara tatu. Fumba macho kama inasaidia. Mlio uwe wa mwendo mmoja kama cherehani. Ukisikia mdundo mmoja umeruka, au mlio mmoja umekuwa mzito kuliko mingine, rudia. Ujumbe wowote wa hitilafu, iwe Sony ikikuambia uzime na kuwasha au Canon ikiandika Err na namba, ni sababu ya kuondoka, hata ikirudi kufanya kazi baada ya sekunde tano. Hasa ikirudi.

Muuzaji akikasirika kwamba unamchosha kamera yake, mweleze kwa heshima kwamba picha mia tatu kwenye shata ya laki mbili si kitu, na kwamba unakusudia kuilipia.

Sasa ipi?

Ukiwa mpiga picha wa harusi na kamera ndiyo ada ya watoto, na zote nne ziko mbele yako kwa hali inayofanana, mimi ningechukua Nikon Z6, kwa sababu ndiyo ninayoijua zaidi kabla ya kulipa. Lakini nafasi yake moja ya kadi ni hatari ya kweli kwa kazi isiyorudiwa. Kama hilo linakunyima usingizi, a7 III yenye historia inayoeleweka na iliyopita vipimo vyote ndiyo ya kwako, na weka pembeni pesa ya shata nyingine tangu siku ya kwanza. Muulize fundi bei yake kabla ya kwenda dukani, siyo baada. Bei hiyo ndiyo silaha yako ya kupatana: kamera iliyovuka 150,000 naihesabu kama isiyo na shata, natoa gharama ya fundi kwenye bei, na hapo ndipo mazungumzo yanaanzia.

EOS R ningempa mtu mwenye lenzi za Canon tayari na fundi anayemwamini karibu. X-T3 ningempa mtu ambaye kamera ikifa leo kesho haimharibii kazi.

Na kama umechoka na habari za chuma kabisa, Nikon Z9 ya 2021 na Z8 ya 2023 hazina shata ya chuma. Hakuna cha kuchakaa hapo. Bei zake bado ni za mtu mwingine kwa wengi wetu, na ukaguzi wake unahamia kwenye kihisi, tundu za kuchomekea na historia ya joto.

Mkishakubaliana, kabla pesa haijatoka mkononi, piga picha moja ya risiti yenyewe kwa kamera hiyo. Soma namba yake palepale, na muuzaji aiandike kwenye risiti pembeni ya namba ya mwili, tarehe, na maneno "shata ya chuma imejaribiwa", kisha atie sahihi. Faili hilo lihifadhi bila kulihariri. Rafiki yangu wa Sinza sasa anayo ya kwake, imebandikwa ndani ya mfuniko wa begi la kamera.